Sura ya Sita: Suhuba ya Henry Fonda na James Stewart

Msomaji aliyezaliwa Kisii au Nyamira hahitaji mwalimu wa kumfunza namna siasa inavyoweza kuvunja suhuba ya miaka mingi, kwani tangu uchaguzi wa vyama vingi urejee nchini Kenya mwaka 1992 ameona kwa macho yake, kila baada ya miaka mitano, jinsi wauza ndizi wa soko la Daraja Mbili, ambao mwaka mzima huazimana mizani na kulindiana bidhaa, wanavyopeana visogo wiki chache kabla ya kura kwa sababu mmoja amevaa kofia ya rangi hii na mwenziwe kofia ya rangi ile. Na mwaka 2002, Simeon Nyachae alipogombea urais kwa tikiti ya Ford-People na wingi wa kura za Gusii ukamfuata, yule aliyethubutu kusema hadharani kwamba kura yake ni ya Mwai Kibaki alijua kuwa huenda akanywa chai yake peke yake. Hayo yalikuwa mepesi. Mwanzoni mwa 2008, katika mpaka wa Borabu na Sotik, majirani waliokuwa wakiuziana ng'ombe na maziwa walichomeana nyumba kwa ajili ya matokeo ya uchaguzi ambao wengi wao hawakumjua kwa uso hata mmoja wa waliokuwa wakiugombania.

Ndiyo sababu, katika kitabu hiki kinachohusu urafiki, nimeona ni wajibu kutenga sura nzima kwa watu wawili ambao si wa kwetu hata kidogo, Henry Fonda na James Stewart, wachezaji sinema wa Marekani waliosuhubiana kwa miaka hamsini, tangu 1932 hata 1982, ilhali mmoja alikuwa mtu wa chama cha Democratic na mwingine wa chama cha Republican, kila mmoja akiwa imara katika itikadi yake na asiyemwachia mwenziwe hata shubiri moja. Huenda ikastaajabisha kwamba mwandishi wa Daraja Mbili, badala ya kuitafuta mithali yake Manga au Keroka, ameivuka bahari kwenda kuichukua Hollywood. Sababu ni kwamba urafiki wa wanasiasa wetu, hata unapoonekana kuvuka mipaka ya vyama, aghalabu huwa na bei iliyoandikwa mahali fulani: leo ni mahasimu, kesho wamepeana mikono mbele ya wapiga picha, na kesho kutwa mmoja wao ameapishwa kuwa waziri. Fonda na Stewart hawakuwa na vyeo vya kugawana. Fauka ya hayo walikuwa washindani katika kazi moja, wakizitafuta nafasi zile zile kwa mabwana wale wale, hata kama siasa isingalikuwapo duniani wangalikuwa na sababu tosha ya kuoneana wivu.

Fonda ndiye aliyekuwa mkubwa kwa miaka mitatu. Alizaliwa tarehe 16 Mei 1905 katika jimbo la Nebraska, akalelewa katika mji wa Omaha, ambako babake, William, alikuwa na matbaa ndogo iliyotazamana na mahakama. Usiku wa tarehe 28 Septemba 1919, Henry akiwa na umri wa miaka kumi na minne, baba alimchukua mwanawe wakapanda orofa ya juu ya matbaa, na kutoka dirishani wakaona umati wa maelfu ya wazungu ukiivamia mahakama na kuitia moto, ukimtoa Will Brown, mtu mweusi aliyekuwa amewekwa korokoroni kwa tuhuma ya kumshambulia mwanamke wa kizungu na ambaye alikuwa hajahukumiwa na hakimu yeyote, ukamtundika, ukammiminia risasi, kisha ukaichoma maiti yake. Baba hakutoa hotuba wala mawaidha. Alifunga mlango wa matbaa, wakarudi nyumbani kimya kimya, na tangu usiku ule hakukuwa na haja ya mtu yeyote kumweleza Henry Fonda nini maana ya mtu dhaifu kukosa mtetezi. Siasa yake yote, kwa fikira zangu, ilitoka katika dirisha lile.

Stewart naye hakuwa na dirisha la namna hiyo. Alizaliwa tarehe 20 Mei 1908 katika mji uitwao Indiana, jimbo la Pennsylvania (mji huo usichanganywe na jimbo la Indiana, ambalo liko mbali nao), na babake Alexander, muumini wa kanisa la Presbiteri aliyewahi kuvaa sare ya jeshi katika vita viwili, alikuwa na duka la misumari, nyundo na kamba, ambalo lingekuwa hapa kwetu lingeitwa hadiwea na kujengwa karibu na stendi ya matatu. Huko dukani palikuwa na utaratibu, bidii, sala ya kabla ya chakula na heshima kwa bendera. Na mtoto akaupokea uhafidhina wa nyumbani kwao kama mtu anavyopokea kipande cha shamba la urithi, bila ya kuupima upya mpaka wake. Mwenye pupa ya kuhukumu atasema kwamba Fonda aliifikiri siasa yake na Stewart akairithi. Mimi nasema wote wawili walirithi, ila mmoja alirithi duka na mwingine alirithi ukimya wa baba yake usiku ule wa Omaha.

Walikutana kwa sababu ya tamthilia. Palikuwa na kikundi cha vijana wa vyuo vikuu, University Players, kilichoigiza nyakati za kiangazi huko Falmouth, jimbo la Massachusetts. Fonda alijiunga nacho mwaka 1928, na Stewart, akiwa amekwisha kusomea usanifu wa majengo katika Chuo Kikuu cha Princeton, aliingizwa na rafiki yake Joshua Logan mwaka 1932, miezi michache baada ya Fonda kuondoka. Mji wa New York ndio uliowaweka chini ya dari moja, wakati wa ule mporomoko mkuu wa uchumi ambapo kumbi nyingi za maigizo zilifungwa na kijana aliyepata nafasi ya kutamka maneno mawili jukwaani alijihesabu kuwa mwenye bahati. Wakashirikiana kodi ya nyumba pamoja na Logan na Myron McCormick, na katika dhiki ile wakavumbua starehe isiyogharimu pesa nyingi, ambayo ilikuwa ni kuunda ndege ndogo za mfano kwa vijiti vya mbao nyepesi, gundi na karatasi.

Hapa sina budi kukaa kidogo, maana nadhani mwenye kuipuuza ndege hii hawezi kuielewa suhuba yao. Mwaka 1935 Fonda aliitwa Hollywood kabla ndege waliyokuwa wakiiunda haijakamilika. Baadaye mwaka huo huo kampuni ya Metro-Goldwyn-Mayer ikamwita na Stewart pia, naye, inasimuliwa, akaipakia katika sanduku refu jembamba, akalipakata ndani ya garimoshi kutoka pwani moja ya Marekani hata pwani ya pili, abiria wenziwe wakimwangalia kwa jicho la shaka kwa kuwa sanduku lile lilikuwa na umbo la kisanduku cha bunduki. Fonda alipompokea kituoni, jambo alilotaka kulijua upesi ni hali ya ndege. Wakapanga nyumba pamoja mtaa wa Brentwood, jirani yao akiwa Greta Garbo, uani kukiwa na paka wengi kuliko walivyoweza kuwahesabu. Saa walizokaa mezani wakibandika vijiti, mmoja akishika na mwingine akipaka gundi, zilikuwa ni saa za mazungumzo machache sana. Fonda kwa hulka alikuwa bahili wa maneno. Stewart alikuwa na kigugumizi cha makusudi na kisicho cha makusudi, sentensi zake zikianza mara tatu kabla ya kuondoka. Basi watu wawili wasiopenda kusema wakapata kazi isiyohitaji kusemwa.

Kuna jambo jingine lililoweza kuwatenganisha, nalo ni mwanamke. Margaret Sullavan, mwigizaji wa kikundi kile kile cha Falmouth, aliolewa na Fonda mwaka 1931 na ndoa ikafa upesi. Kisha bibi huyo huyo ndiye aliyemshika Stewart mkono, akataka achezeshwe naye katika sinema ya Next Time We Love ya mwaka 1936, na kwa jumla wakacheza pamoja sinema nne. Mitaani kwetu kisa kama hicho kingetosha kuwakalisha wazee kikao siku mbili. Kwao hakikuleta hata fununu ya ugomvi.

Mwaka 1940 ulileta mtihani wa fani. Fonda aliigiza nafasi ya Tom Joad katika The Grapes of Wrath, sinema iliyotokana na riwaya ya John Steinbeck juu ya wakulima waliong'olewa katika ardhi yao na ukame pamoja na mabenki, na aliicheza kwa uso mkavu na sauti ya chini ambayo hata leo mtu akiisikia hujihisi anashtakiwa. Stewart alicheza The Philadelphia Story, kichekesho cha matajiri na harusi yao. Wote wawili wakateuliwa kuwania tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora, akashinda Stewart. Yeye mwenyewe alisema baadaye kwamba kura yake alimpa Fonda, na mimi namsadiki, kwa kuwa kila mwenye macho aliona nani aliyestahili mwaka ule. Babake Alexander akaitaka ile sanamu ipelekwe kwake, akaiweka katika dirisha la duka la Indiana, ikakaa hapo miaka mingi pamoja na bidhaa nyingine. Fonda alingoja tuzo hiyo ya mwigizaji bora hata Machi 1982, na ilipokuja hakuweza kutoka kitandani kwenda kuipokea.

Vita Vikuu vya Pili vikawatoa wote wawili katika anasa. Stewart alikuwa amekataliwa na madaktari wa jeshi kwa wembamba wake, akala mpaka akatimiza uzito, akaandikishwa Machi 1941, miezi kadhaa kabla Marekani haijaingia vitani. Akawa rubani wa ndege kubwa za mabomu aina ya B-24, akaruka kutoka Uingereza katika mashambulizi 20 juu ya Ulaya iliyoshikwa na Wajerumani, akarejea akiwa kanali mwenye mvi za mapema. Fonda, ambaye umri na watoto wake vingalimpa udhuru, alijiunga na jeshi la majini mwaka 1942 kama baharia wa kawaida, akapanda cheo hata kuwa afisa katika bahari ya Pasifiki, akapewa nishani ya Bronze Star. Stewart aliporudi mwaka 1945 hakuwa na pa kukaa, na inasimuliwa kwamba alilala katika kibanda walichokuwa wakichezea watoto wa Fonda, Jane na Peter, huku mchana akipanda na mwenyeji wake kilimani kurusha tiara kubwa walizoziunda wenyewe. Vita hakuvizungumza, wala Fonda hakumwuliza.

Kisha ukaja mwaka 1947, na hapa ndipo penye fundo la kisa chetu.

Oktoba ya mwaka huo kamati ya Baraza la Wawakilishi mjini Washington, iliyojipa kazi ya kuwasaka wakomunisti, iliwaita watu wa Hollywood kuwahoji itikadi zao. Kumi miongoni mwao walikataa kujibu na baadaye wakafungwa jela, na mabwana wa kampuni za sinema, kwa hofu ya serikali na ya mashirika ya wateja, wakaanza kuwanyima kazi wote waliotajwa, hata mwandishi mashuhuri akalazimika kuuza kazi yake kwa jina la mtu mwingine apate riziki. Fonda aliliona jambo hilo kuwa ni dhuluma, akatia jina lake miongoni mwa waliolipinga. Stewart, afisa wa jeshi la akiba aliyezika vijana wengi wa kikosi chake, aliamini kwamba ukomunisti ni hatari ya kweli na kwamba nchi ina haki ya kujilinda. Wakagombana. Wako wasemao kwamba walifika kupigana ngumi, na wako wanaokanusha. Lililo thabiti ni kwamba baada ya ugomvi ule walipatana kwamba siasa haitatajwa tena baina yao, na mapatano hayo yakadumu miaka thelathini na mitano, hata kifo.

Wako watakaoyaita mapatano hayo unafiki, wakihoji ni urafiki gani ule usioweza kuhimili mazungumzo juu ya jambo lililo kubwa kuliko yote maishani mwa raia. Hoja hiyo siikubali, kwa kuwa hakuna hata mmoja wao aliyeficha itikadi yake mbele ya ulimwengu: mwaka 1960 Fonda alimfanyia kampeni John Kennedy, na katika televisheni akaonekana akizungumza na mkewe mgombea, ilhali Stewart kwa upande wake alipanda jukwaani kumnadi Ronald Reagan, mchezaji sinema mwenzao, ambaye siasa zake Fonda hakuzistahimili hata chembe. Kila mmoja aliyaona hayo na akayajua. Walichokinyamazia ni nafasi moja tu, ile iliyokuwa mezani baina yao, na wakaijaza kwa mambo mengine, ikiwemo bustani za mboga, samaki, farasi, sinema za zamani na mizaha waliyoianza tangu New York.

Ama lawama nyingine ni nzito zaidi, wala sitaki kuipitia kando. Mapatano ya kunyamaza yaliwezekana kwa sababu hakuna kati yao aliyenyang'anywa kazi na watu wa upande wa mwenziwe. Wale kumi waliofungwa, na mamia walionyimwa ajira baada yao, hawakuwa na anasa ya kusema tusiyazungumze hayo, tuzungumze habari za tiara. Na vivyo hivyo mtu wa Borabu aliyechomewa nyumba hawezi kuambiwa na aliyeichoma, au na ndugu yake, kwamba siasa iachwe mlangoni. Suhuba ya Fonda na Stewart ni dawa ya kutofautiana kwa fikira. Si dawa ya dhuluma, na mwenye kuitumia hivyo anawatukana waliodhulumiwa.

La ajabu ni kwamba sinema zao hazikuufuata mpaka wa vyama vyao. Stewart, mhafidhina, umaarufu wake ulitokana na Mr. Smith Goes to Washington ya mwaka 1939, ambamo kijana mmoja mnyofu anasimama katika Seneti na kuhutubia mpaka sauti inakauka akiwapinga matajiri waliolinunua jimbo lake. Na aliyeiandika hadithi hiyo kwa ajili ya sinema, Sidney Buchman, alikuwa mkomunisti, akaja kunyimwa kazi katika msako ule ule. Fonda, mtu wa Democratic, mwaka huo huo aliigiza Abraham Lincoln katika Young Mr. Lincoln, yaani rais wa kwanza aliyetoka katika chama cha Republican, na ndani yake mna tukio ambamo wakili kijana anasimama peke yake mlangoni mwa jela kuuzuia umati usiwatoe wafungwa na kuwanyonga. Anayekumbuka dirisha la Omaha ataelewa kwa nini Fonda hakuhitaji kuelekezwa namna ya kusimama pale. Aliyarudia maudhui hayo katika The Ox-Bow Incident mwaka 1943, na mwaka 1957 akatoa fedha zake mwenyewe kutengeneza 12 Angry Men, ambamo mmoja kati ya raia kumi na wawili walioketi kuamua kesi ya mauaji anawazuia kumi na mmoja wasimhukumu kijana kwa haraka. Sinema hiyo haikumrudishia faida aliyokuwa akiitarajia. Leo ndiyo inayokumbukwa zaidi kuliko zote alizocheza.

Isidhaniwe kwamba Fonda, kwa kuwa moyo wake ulikuwa kwa wanyonge, alikuwa mtu mwepesi wa kukaa naye. Alioa mara tano. Mke wake wa pili, Frances, mama yao Jane na Peter, alijiua Aprili 1950, na watoto wakaambiwa kwamba amekufa kwa maradhi ya moyo; wote wawili, walipokuwa watu wazima, waliandika vitabu ambavyo ndani yake baba anaonekana kama mlango uliofungwa. Stewart alimwoa Gloria mwaka 1949, akakaa naye hadi bibi huyo alipofariki mwaka 1994, akawalea wanawe wawili wa ndoa ya awali kama wa damu yake pamoja na mapacha wa kike waliozaliwa 1951. Fonda, aliyewanyima wanawe maneno matamu, alikuwa na subira isiyo na mwisho kwa rafiki yake. Sijui kama Jane na Peter waliwahi kumsamehe Stewart kwa hilo, ila kwa maandishi yao hawakumchukia.

Mtihani mkubwa kuliko wote ulikuja kwa vita vya Vietnam. Tarehe 8 Juni 1969 Ronald, mwana wa kambo wa Stewart aliyekuwa luteni wa kikosi cha Marine, aliuawa huko Vietnam akiwa na umri wa miaka 24. Mwezi Julai 1972 Jane Fonda, aliyekuwa amekwisha kuwa sauti kubwa ya wapinga vita, alikwenda Hanoi, akapigwa picha akiwa ameketi kwenye mzinga wa kutungulia ndege, mzinga wa namna ile ile iliyolengwa kwa marubani wa Kimarekani kama alivyokuwa Stewart zamani. Na tuipime hali hiyo kwa mizani ya nyumbani: baba mmoja amezika mwanawe vitani, binti wa rafiki yake amekaa kwenye silaha ya adui. Nawajua watu waliokatana maisha kwa kidogo zaidi ya hapo. Suhuba ile haikukatika. Fonda hakumtetea binti yake mbele ya Stewart wala hakumkana, na Stewart hakumdai fidia ya maneno.

Katika mwaka ule wa msiba, 1969, walikuwa wakitengeneza pamoja The Cheyenne Social Club, iliyoongozwa na Gene Kelly huko New Mexico. Kwa miaka kama ishirini Stewart alikuwa akimpanda farasi mmoja, jina lake Pie, katika sinema zake za kauboi, farasi wa kuazima ambaye mwenyewe alikataa katakata kumwuza. Na safari hii Pie alikuwa amezeeka, hawezi kuvumilia nyanda za juu za jimbo lile, ikabidi aachwe zizini. Fonda, ambaye alikuwa mchoraji hodari kwa kificho, alimtazama rafiki yake aliyefiwa na mwana akienda kumwangalia farasi mgonjwa. Na katika siku zake za mapumziko akachukua rangi za maji, akaketi karibu na zizi, akamchora Pie jinsi alivyo, na masikio yake na macho yake ya uzee. Alimpa Stewart picha ile bila ya hotuba yoyote. Farasi hakuishi muda mrefu baada ya hapo, na Stewart aliitunza picha maisha yake yote. Nimesoma tanzia nyingi zilizoandikwa kwa ufasaha mkubwa. Sikumbuki hata moja iliyokuwa rambirambi bora kuliko ile picha ya farasi.

Mwaka 1980, Taasisi ya Filamu ya Marekani ilipomtunukia Stewart heshima yake kuu, aliyesimama kuiongoza hafla hiyo alikuwa Fonda, kama vile Stewart alivyokuwa amekuja kumsemea miaka miwili nyuma zamu ilipokuwa ya Fonda. Na mwaka huo wa 1980 ndio uliomleta Stewart karibu nasi, kwani ilitoka sinema ya Kijapani iliyopigwa hapa Kenya, iitwayo A Tale of Africa, ambamo anacheza mzee wa kizungu aliyejificha porini pamoja na mjukuu wake. Hakuwa mgeni katika nchi hizi: yeye na Gloria walikuwa wamezoea kuja kutembelea mbuga zetu, na binti yao Kelly, mmoja wa wale mapacha, alikaa miaka akichunguza maisha ya masokwe wa milimani huko Rwanda pamoja na Dian Fossey.

Fonda alikuwa amekwisha kuugua moyo. Katika miezi yake ya mwisho Stewart alikuwa akienda nyumbani kwake kumwamkua, na kwa kuwa wazee wote wawili masikio yao yalikuwa yamekuwa mazito, mazungumzo ya watu hawa, ambao ujana wao waliupitisha kwa kunyamaza, yakawa ya kupaza sauti. Fonda alifariki tarehe 12 Agosti 1982, akiwa ameagiza achomwe bila ya ibada wala hotuba, na Stewart akawaambia waandishi wa habari kwamba amempoteza rafiki yake mkubwa kuliko wote. Yeye mwenyewe aliishi hadi tarehe 2 Julai 1997, akafa akiwa na umri wa miaka 89.

Anayetaka kuwaona pamoja na atafute sinema mbili. Ya kwanza ni Firecreek ya mwaka 1968, ambamo Stewart ni mkulima aliyepewa kazi ya ulinzi wa kijiji kwa mshahara wa dola mbili kwa mwezi na Fonda ni kiongozi wa majambazi. Ni sinema ya huzuni, iliyopuuzwa bila ya haki. Ya pili ni hiyo The Cheyenne Social Club, kisa cha wachunga ng'ombe wawili ambao mmoja wao anarithi jumba la kifahari asijue kwamba ni danguro, na ndani yake mna mzaha juu ya mtu anayegeuka Republican mara tu anapopata mali. Kwa upande wa usanii ni sinema dhaifu, na hadithi yake inachoka njiani. Hata hivyo mwanzoni wanapanda farasi safari ndefu, Fonda akisema mfululizo na Stewart akimvumilia, na kwa dakika hizo chache peke yake inafaa kutazamwa.